Isipokuwa Mmoja

Maandishi niliyoyasoma mara nyingi zaidi mwaka huu si riwaya wala diwani. Ni muhtasari wa makala ya kisayansi, aya moja tu, uliochapishwa 1996 katika jarida la Marekani liitwalo Journal of Experimental Medicine. Unahusu watoto 191 wa Kitanzania, baadhi wagonjwa wa malaria na baadhi wazima. Ndani ya aya hiyo waandishi wanaeleza kwamba kimeng'enya fulani walichokitafuta kwenye chembe nyeupe za damu walikiona kwa watoto wazima wote waliopimwa. Walikiona pia kwa wote waliokuwa na vimelea vya malaria bila kuugua. Kwa watoto waliopoteza fahamu kwa malaria ya ubongo hawakukiona, isipokuwa mmoja.

Nasoma shahada ya uzamili katika fasihi, na fasihi imenizoesha kusimama penye maneno kama hayo. Mtakwimu atayapita, kwa kuwa mtoto mmoja hajengi hoja. Mimi nimeshindwa kuyapita. Huyo mmoja alikuwa nani? Alitoka mtaa gani, nani alimbeba hadi hospitali, na je, alizinduka?

Nataka kuisoma makala hiyo, na zile zilizoifuata, kama tunavyosoma masimulizi mengine: nani anasema, nani anasemewa, kisa kinageukia wapi, na nani hayupo. Nitaisoma kutokea Tabora, kwetu, ingawa utafiti wenyewe ulifanyika Dar es Salaam. Ninazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Tabora, njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, ni mojawapo ya sehemu za bara ambako homa iliandikwa mapema na kwa wino mwingi. Ya pili ni ya leo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulipowapima watoto wa chini ya miaka mitano, malaria ilikutwa kwa asilimia 8 yao nchi nzima. Tabora ilikuwa asilimia 23, juu kuliko mkoa mwingine wowote. Homa ile ambayo wageni waliiandika karne ya 19 bado tunayo, na wanaoibeba sasa ni wadogo zetu.

* * *

Tuanze na wageni hao. Burton na Speke waliingia Kazeh, yaani Tabora ya baadaye, Novemba 1857. Walipofika Ziwa Tanganyika miezi michache baadaye, Burton alikuwa amekufa ganzi miguu, na Speke macho yalimsumbua kiasi kwamba ziwa walilolitafuta hakuliona vizuri. Stanley alifika 1871 akakaa katika nyumba ya tembe ya Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, akaugua mara kwa mara hadi hesabu yake ya tarehe ikavurugika. Mwenzake, baharia John Shaw, alirudishwa Kwihara kutoka njiani kwa ugonjwa, na huko ndiko alikofia. Livingstone alikaa katika nyumba hiyohiyo kuanzia Februari hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi kutoka pwani. Miaka mitano kabla ya hapo sanduku lake la dawa, pamoja na kwinini iliyokuwamo, lilikuwa limepotea na wapagazi waliotoroka. Mwaka 1873 mwili wake ulipita Unyanyembe ukibebwa na akina Chuma na Susi kuelekea pwani. Daktari Dillon, aliyekuwa katika msafara wa Cameron, aliondoka Tabora wakati huo, na muda mfupi baadaye, akiwa amezidiwa na homa, alijiua njiani.

Ukivisoma vitabu vya wasafiri hawa mfululizo, utaona kwamba homa ni mali ya mwenye kitabu. Inampanda na inamshuka, inampa ndoto za ajabu, inamfanya amkumbuke mama yake. Akipona, amefuzu jaribio jingine. Sisemi kwamba hawakuteseka. Waliteseka, na wengine walikufa. Nasema kwamba kuugua kwao kuliandikwa kama sura ya maisha ya shujaa. Mpagazi wa Kinyamwezi, aliyebeba mzigo wa takriban frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, aliugua kwenye njia ileile, akanywa maji yaleyale, akaumwa na mbu walewale. Lakini akilala njiani, mara nyingi anaingia kitabuni kama mzigo uliokosa bega. Tunaambiwa msafara umechelewa. Hatuambiwi aliona nini katika homa yake.

Wapo wanaovunja mazoea hayo. Jacob Wainwright, aliyekombolewa kutoka utumwani na kusomeshwa India, aliandika shajara ya safari ya kuurudisha mwili wa Livingstone, kwa hiyo tunayo sauti kutoka miongoni mwa waliobeba. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha mwaka 1876 kitabu kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki. Ili kujua ugonjwa ulipita wapi, ilimbidi awaulize wafanyabiashara na wasafiri wa misafara. Katika kitabu chake, pengine kwa mara ya kwanza kwenye njia hii, ugonjwa hauzunguki mwili wa mwandishi. Mwandishi mwenyewe amekaa Zanzibar, na wenye habari ni waliotembea.

Tukitoka kwa Christie, hatuko mbali sana na makala ya 1996. Hapo pia mwandishi haugui, na ushahidi wake umo katika miili ya wengine.

* * *

Ili kuelewa kwa nini makala hiyo ni kisa kizuri, inabidi tujue waandishi walitarajia kukuta nini.

Jina la mwisho katika orodha ya waandishi ni Donald Granger. Mwaka 1980, akiwa Utah pamoja na John Hibbs na wenzao, alichapisha utafiti kuhusu makrofaji za panya, zile chembe nyeupe kubwa zinazomeza wavamizi. Walionyesha kwamba makrofaji zilizochochewa huzima upumuaji wa ndani wa seli za uvimbe, zikaziacha bila nguvu. Silaha yenyewe haikujulikana. Mwaka 1987 maabara ya Hibbs ilionyesha kwamba chembe hizo haziwezi kuua hivyo bila arginini, kirutubisho kinachotokana na protini ya chakula. Baadaye ilibainika kwamba kutokana na arginini hutengenezwa gesi iitwayo nitriki oksaidi. Ni gesi ileile inayotoka kwenye ekzosi ya gari, na hakuna aliyeitegemea ndani ya damu. Jarida la Science liliita nitriki oksaidi molekuli ya mwaka 1992, na mwaka 1998 Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kazi yake katika mishipa ya damu.

Chembe nyeupe hupigana kwa moto wa aina hii. Hutoa molekuli kali zitokanazo na oksijeni na nitrojeni, nazo hubabua kila zinachokigusa, kiwe kimelea au ukuta wa mshipa wa mwenye mwili. Mwili una njia za kuzituliza. Molekuli hizo zinapozidi uwezo wa mwili kuzituliza, hali hiyo huitwa mkazo wa oksijeni. Ni jambo la jamaa moja na chuma kushika kutu, ila hapa linatokea ndani ya mtu aliye hai.

Kwa hiyo mapema miaka ya 1990 kulikuwa na nadharia iliyovutia. Ian Clark wa Australia na wenzake walipendekeza kwamba mtoto mwenye malaria ya ubongo hupoteza fahamu kwa sababu mwili wake umetengeneza nitriki oksaidi kupita kiasi. Askari walioitwa kumfukuza mwizi wameichoma nyumba. Kama kisa, nadharia hiyo imekamilika: ina chanzo, ina kiburi, ina anguko, na inatuambia kwamba tunaangamizwa na ulinzi wetu wenyewe. Mwandishi wa riwaya asingeiacha.

Nicholas Anstey, Granger na wenzao wakaenda kuipima kwa watoto wa Dar es Salaam, na matokeo yakatoka kinyume. Dalili za nitriki oksaidi katika mkojo na damu zilikuwa juu kabisa kwa watoto wenye vimelea ambao hawakuugua, zikashuka kadiri ugonjwa ulivyokuwa mkali, zikawa chini kabisa kwa waliokufa kwa malaria ya ubongo. Askari hawakuchoma nyumba. Katika nyumba zilizoteketea, askari hawakuonekana. Na ile kauli kuhusu chembe nyeupe, yenye maneno yangu matatu ya "wote, isipokuwa mmoja", ndiyo inayopigilia msumari.

Kinachonivutia kama msomaji ni jinsi waandishi wanavyojishuku kabla ya kusadiki. Nitrati, ambayo ndiyo alama waliyokuwa wakiipima, imo pia katika mboga za majani. Huenda basi watoto wazima walionekana na nitriki oksaidi nyingi kwa sababu tu walikula mchicha jana, na wagonjwa hawakula kitu. Waandishi wakaliangalia hilo, wakasema tofauti za chakula hazielezi matokeo. Figo za mgonjwa mahututi nazo huenda zinashindwa kutoa nitrati, nayo ikajikusanya katika damu. Wakalirekebisha hilo katika hesabu. Sijawahi kumwona Stanley akijiuliza kama kosa ni la mchicha. Tabia hii ya kutafuta mlango ambao uongo ungeweza kuingilia, na kuusimamia, ndiyo ningetamani tuwe nayo sisi tunaoandika masimulizi ya kweli. Mara nyingi tukishapata kisa kizuri tunaogopa kukigusa.

* * *

Lakini uhakiki hauishii kwenye sifa. Sentensi ya mwisho ya muhtasari inasema kwamba inaonekana nitriki oksaidi inawakinga watoto wa Kiafrika wenye malaria, haiwadhuru. Mwanzoni walikuwa watoto 191 wa Kitanzania. Mwishoni wamekuwa watoto wa Afrika. Waandishi waliweka tahadhari kwenye kitenzi, wakaisahau kwenye jina la mahali. Mtoto anayeumwa na mbu wa malaria karibu kila msimu wa mvua kule Urambo au Kaliua hajengi kinga sawa na mtoto wa jiji. Mtu wa pwani, mtu wa Unyamwezi na mtu wa mwambao wa Tanganyika waliwahi kuitwa kwa jina moja katika vitabu vya wasafiri, kwa sababu wasomaji wa London hawakuwa na haja ya kuwatofautisha. Nilipoikuta ruka hiyo katika makala yenye uangalifu kiasi hiki, nilishtuka kidogo. Watafiti hao baadaye waliendelea kupima mahali pengi, na sayansi ina njia ya kujisahihisha. Sentensi iliyochapishwa, hata hivyo, inabaki ilivyo.

Jambo la pili ni majina. Makala ya 1996 ina waandishi kumi, na kuna adabu ya kuyasoma majina hayo. Wa kwanza ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi. Wa mwisho ni mkuu wa maabara au mwenye wazo. Wa katikati ni wengine wote. Nilipokuwa nikieleza adabu hii kwa wanafunzi wenzangu, mmoja akacheka akasema huo ni msafara. Kweli, msafara wa njia yetu ulikwenda hivyohivyo. Mbele alitangulia kirangozi na bendera, nyuma kabisa alitembea mwenye msafara akiangalia wasitoroke watu na mali, na katikati walikuwa wapagazi.

Wa nne katika orodha ya 1996 ni Esther Mwaikambo. Msomaji wa Kimarekani angeweza kulipita jina hilo. Msomaji wa hapa anapaswa kujua kwamba huyu ndiye Mtanzania wa kwanza mwanamke kuwa daktari, aliyesomea Moscow, bingwa wa watoto, na mmoja wa waasisi wa chama cha madaktari wanawake, MEWATA, kilichoanzishwa 1987. Wakati makala inaandikwa, alikuwa ameshatibu watoto kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2015 kundi hilo lilichapisha makala nyingine kuhusu watoto wa Kitanzania katika jarida la PLoS Pathogens, yenye waandishi kumi na mmoja, na safari hii Mwaikambo ni wa pili kutoka mwisho, akifuatiwa na Granger. Miaka 19 ilipita kutoka katikati hadi nyuma kabisa, mahali pa wenye msafara.

Ningependa kushangilia, na kwa kiasi nashangilia. Ila najua pia kwamba orodha ya majina ni aina ya usimulizi ambao wasomaji wengi hawaujui. Binti wa sekondari ya Tabora aliyefungua makala hiyo asingeona safari yoyote hapo. Angeona majina yaliyotenganishwa kwa mkato. Kama tunataka safari hiyo ionekane, lazima aandike mtu mwingine, kwa lugha nyingine, nje ya jarida. Maisha ya Mwaikambo yaliyokwenda sambamba na karatasi hizi yanatosha kitabu kizima cha Kiswahili, na ningekinunua siku ya kwanza.

Jambo la tatu ni watoto wenyewe, na hapa nimebadili mawazo. Mwanzoni nilikusudia kuandika kwamba makala ya 1996 inamfanyia mtoto kile ambacho Stanley alimfanyia mpagazi: inamtumia, haimtaji. Ulinganisho huo ulinipendeza kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili. Mpagazi hakutajwa kwa sababu hakuhesabiwa kuwa na kisa. Mtoto wa utafiti hatajwi kwa sababu maadili ya utabibu yanakataza. Jina lake likitoka, ugonjwa wake unakuwa mali ya kila mpita njia. Ukimya wa kwanza ni dharau, wa pili ni stara, na mhakiki asiyeona tofauti hiyo anawakosea wote wawili. Swali lililobaki halihusu tena jina la mtoto. Ni kama kisa chake kiliwahi kurudi nyumbani.

* * *

Nasema nyumbani kwa sababu mdogo wangu wa kiume aliwahi kupata degedege.

Kiswahili kina neno hilo moja, na neno hilo limebeba nadharia nzima. Dege ni ndege mkubwa au nondo wa usiku anayeruka juu ya mtoto akamwangushia kivuli chake. Mtoto anakakamaa, macho yanageuka, anatetemeka. Wakubwa wengi waliamini kwamba degedege si malaria, na kwamba mtoto wa namna hiyo akichomwa sindano atakufa. Wafanyakazi wa afya wamepambana na imani hiyo kwa miaka mingi. Mdogo wangu alikuwa na miaka mitatu, ilikuwa masika, na bibi alikuwa ameshawasha moshi wa mavi ya tembo yaliyokauka alipofika mama kutoka kazini. Mama alimnyakua mtoto bila kuvua viatu. Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka kwamba bibi hakugombana naye. Alitoa tu kitenge kingine cha kumfunika.

Alipona. Leo ni fundi pikipiki, anasikia vibaya sikio moja, na shule ilimshinda mapema. Nyumbani kuna visa vitatu vya kupona kwake. Bibi anasema moshi ulikuwa umeshaanza kufanya kazi. Mama anasema ni kwinini ya dripu. Baba mdogo anasema ni dua iliyosomwa usiku ule msikitini. Kwa miaka mingi nilidhani kwamba kazi yangu, kama mwenye elimu, ni kuchagua kisa kimoja na kuvifuta vingine, na bila shaka nilichagua cha mama. Bado nakichagua. Dawa ya malaria huua vimelea na moshi hauviui, na katika hilo sina utani.

Lakini makala ya 1996 ilinionyesha kwamba kisa cha mama nacho kina shimo. Watoto wawili wanaletwa usiku mmoja, wote hawana fahamu, wote wanapewa dawa ileile. Mmoja anazinduka na mwingine hazinduki. Kwa nini? Hilo ndilo swali ambalo maisha yote ya Granger na wenzake yamelizunguka, na bibi pia, kwa njia yake, alikuwa akilijibu. Nadharia ya dege si sahihi. Hata hivyo inajibu swali ambalo mtu wa dripu hakuwahi kukaa chini akalijibu mbele ya bibi: kwa nini huyu, kwa nini si yule wa jirani?

Mwezi uliopita nilimweleza mdogo wangu makala yote kwa Kiswahili, tukiwa tumekaa gereji kwake. Nilimweleza habari za chembe nyeupe, arginini na askari wasioonekana. Alisikiliza huku akifunga mnyororo wa pikipiki. Nilipofika kwenye wote isipokuwa mmoja, akanyanyua kichwa.

"Sasa dada, yule mmoja alipona?"

Nikamwambia muhtasari hausemi.

"Basi hawajamaliza," akasema, akarudi kwenye mnyororo wake.

* * *

Hawajamaliza, kweli, na wao wenyewe wanajua. Mwaka 2003 walionyesha katika The Lancet kwamba watoto wa Kitanzania wenye malaria ya ubongo wana arginini kidogo sana katika damu. Malighafi ya nitriki oksaidi yenyewe ilikuwa haitoshi. Makala ya 2015 iliongeza tabaka jingine, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kimeng'enya kinachotengeneza nitriki oksaidi hakitegemei arginini peke yake. Kinahitaji pia kisaidizi kiitwacho tetrahaidrobiopterini. Mkazo wa oksijeni ukizidi, kisaidizi hicho kinaharibika, na kimeng'enya kilichokikosa kinageuka: badala ya nitriki oksaidi kinatoa superoksaidi, mojawapo ya molekuli kali zinazoongeza mkazo uleule. Kwa watoto waliougua vibaya, kisaidizi kizima kilikuwa kimepungua na kilichoharibika kimeongezeka.

Kwa hiyo ile nadharia ya zamani ya nyumba kuchomwa na askari haikuwa imekosea yote. Moto upo. Haukuletwa na wingi wa silaha, umeletwa na silaha iliyokosa matunzo ikamgeukia mwenyewe. Kundi hilo lilihitaji miaka 19 kutoka "hapana" ya 1996 hadi "ndiyo, ila kwa namna nyingine" ya 2015, na hakuna makala hata moja kati ya hizo inayojifanya kwamba ilijua mwisho tangu mwanzo. Hilo ni gumu katika uandishi. Anayeandika kumbukumbu zake huandika akiujua mwisho, kisha hujifanya kwamba dalili zote zilikuwa wazi.

Kisha inakuja sehemu isiyopendeza, ambayo visa vya mashujaa huiruka. Kama tatizo ni upungufu wa nitriki oksaidi, tiba inaonekana dhahiri: mpe mtoto nitriki oksaidi. Watafiti wengine walijaribu kuwavutisha watoto wa Uganda gesi hiyo, Jinja na Mbarara, pamoja na dawa ya malaria. Matokeo yalichapishwa 2015. Gesi haikuleta faida iliyotarajiwa katika vipimo vikuu. Huko Indonesia, watu wazima wenye malaria kali walipewa arginini kwa dripu, na hapo pia manufaa yaliyotarajiwa hayakuonekana. Maarifa yamepatikana, tiba yake bado. Mtoto anayeletwa leo kwenye hospitali yoyote ya Tabora akiwa hana fahamu atatibiwa kwa sindano ya artesuneti, ambayo ni bora kuliko kwinini aliyopewa mdogo wangu. Kuhusu chembe nyeupe zake hakuna kitakachofanyika.

Je, hilo linaifanya makala ya 1996 kuwa kazi bure? Najua wenzangu watakaosema hivyo, hasa tukikumbuka damu na mikojo ya watoto wetu iliyopimwa kwa mashine za ng'ambo. Hoja yao siipuuzi. Lakini nikiulizwa ni maandishi gani kuhusu homa ya nchi hii ambayo yamewatendea haki zaidi wagonjwa wake, nitayaweka haya juu ya vitabu vyote vilivyoandikwa Kwihara, kwa sababu moja tu: yaliwaruhusu watoto 191 kuwaambia waandishi kwamba wamekosea. Katika vitabu vya misafara sijaona mpagazi aliyepewa nafasi ya kubadili hoja ya kitabu. Hapa watoto, bila majina na wengine bila fahamu, waliibadili.

Kilichobaki ni kazi ya katikati, na hiyo wanasayansi hawawezi kuifanya peke yao. Ni kuyaleta maneno haya yafike pale ambapo neno degedege linatamkwa, yakiwa Kiswahili ambacho bibi anaweza kukibishia. Nimeanza na mtu mmoja gerejini. Wiki ijayo nakwenda kwa bibi, na najua ataniuliza habari za moshi. Sitamcheka. Nitamweleza habari za mtoto mmoja aliyekutwa na askari wake wangali macho wakati wa wenzake wote hawaonekani, kisha nitamwachia aulize anachotaka.